Corvette C5 au Mustang GT? Nilivyochagua kwa dola 16,000

Nilikuwa na dola 16,000. Hizo ndizo zote, na kuzikusanya kulinichukua miaka mitatu. Mimi ni fundi umeme wa majumba. Jumatatu hadi Ijumaa namfanyia kazi tajiri, Jumamosi najifanyia mwenyewe vibarua vya kubadilisha soketi na mabodi ya fyuzi yaliyochakaa. Fedha ya Jumamosi ndiyo niliyokuwa naiweka pembeni. Nilitaka gari la spoti la Kimarekani, injini ya V8, gia za mkono, la kwendea kazini siku za jua na la kutoka na mke wangu mwisho wa wiki. Gari la familia lipo, limeshamalizwa kulipiwa, halina neno. Hili lilikuwa langu.

Kwa fedha hiyo hapa Marekani, orodha inapungua haraka. Mustang za Ford za injini ya lita 5.0 iliyoanza 2011, zile za nguvu farasi 412, nilizozikuta ndani ya bajeti zilikuwa zimeendeshwa mpaka zimechoka. Corvette ya kizazi cha sita, C6, ilinipita kidogo mfuko. Yakabaki magari mawili: Corvette ya kizazi cha tano, C5, ya mwaka 1997 hadi 2004, na Mustang GT ya 2005 hadi 2009, ile iliyorudishiwa sura ya miaka ya sitini. Nimeyaendesha yote mawili, nimelala chini ya yote mawili, na moja nimeishi nalo mwaka na miezi miwili sasa. Namwandikia yule aliye pale nilipokuwa mimi, fedha anazo mkononi na usiku halali, anapekua matangazo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni makanika. Yeye alikata shauri kabla yangu.

"Shemeji, chukua Mustang," aliniambia. "Spea zake ziko kila duka. Klachi ikiisha naishusha giaboksi nimelala hapa sakafuni, jeki moja na stendi nne, jioni gari linatembea. Hilo lako lingine, unajua giaboksi iko wapi?"

Nilikuwa najua. Kwenye C5 giaboksi haikai nyuma ya injini kama tulivyozoea. Imepelekwa kule nyuma, imeunganishwa na difu, na kati yake na injini limepita bomba refu lenye shafti ndani. Ndiyo maana gari lile lina uzito karibu sawa mbele na nyuma, na ndiyo maana linatulia kwenye kona. Lakini klachi imebaki mbele, kwenye injini. Ukitaka kuifikia unashusha fremu ndogo ya nyuma, difu, giaboksi na lile bomba, vyote. Na ukishafika huko, ndani ya bomba kuna viungo vya mpira na bering ambazo kwa umri huu huwezi kuzirudisha bila kuzibadilisha, maana hutaki kurudi tena.

Kila alichosema shemeji ni kweli. Nilikiandika kwenye daftari na nikaenda kuona Mustang kwa moyo mmoja.

Ilikuwa ya 2006, nyeusi, maili 92,000, dola 9,900. Mwenye nayo alikuwa mwalimu mstaafu, mama mtaratibu aliyekuwa ameinunua ikiwa na miaka mitatu. Nakiri, nilipoiwasha nilitabasamu. Injini ile ya lita 4.6 ina sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, inayofanya hata kwenda dukani kuwe safari. Nguvu farasi 300 kwa barabara za kawaida zinatosha na kubaki. Klachi laini, gia tano zinazoingia kwa kishindo kifupi cha kupendeza. Unakaa juu kiasi cha kuona wenzako barabarani. Nyuma kuna viti viwili ambavyo mtoto anakaa bila taabu na mtu mzima anavumilia safari fupi. Na inatumia petroli ya kawaida, oktani 87, wakati Corvette ndugu yangu inataka ile ya bei ya juu. Kwa mtu wa bajeti hiyo si habari ndogo. Utailipa kila wiki.

Kwenye barabara nyoofu sikuwa na la kulalamika. Nilipoingia kona yenye viraka, kitako kiliruka. Mustang ya kizazi hicho ina ekseli moja nzima nyuma, gurudumu la kushoto likikanyaga tuta, na la kulia linapata habari. Ford hawakuiacha ekseli hiyo kwenye GT ya kawaida mpaka modeli ya 2015. Haitishi, na watu wengi wanaizoea. Ila unaisikia mgongoni.

Tulirudi, tukaiacha inanguruma dakika ishirini, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwanza boneti. Ni ya alumini, na ukingo wake wa mbele ulikuwa umetoa vipele chini ya rangi, kama ngozi iliyoungua. Mustang nyingi za miaka hiyo zina kasoro hiyo hiyo na rangi mpya haiponyi kwa muda mrefu. Sawa, hilo ni la macho tu. Pili, nilipitisha mkono chini ya zulia upande wa abiria, pale miguu inapokaa. Palikuwa pakavu. Napataja kwa sababu hapo pembeni ndipo lilipo boksi la fyuzi na kompyuta ndogo ya mwili wa gari, na majani yakiziba njia za maji chini ya wipa, maji yanaingia mpaka huko. Ukikuta zulia limelowa, ondoka.

Tatu, plagi. Nilimwuliza mama kama zimewahi kubadilishwa. Akafungua kabrasha lake la risiti, akapekua, hakuona. Injini ya 4.6 ya vali tatu kwa silinda ilitoka na plagi ndefu za ajabu, zilizoundwa kwa vipande viwili. Masizi yanagandisha ncha ya chini kwenye kichwa cha injini, nawe ukizungusha spana, sehemu ya juu inatoka na ya chini inabaki mle ndani. Kuna kifaa maalumu cha kuitoa na kuna namna ya kuilainisha kwanza na kuizungusha polepole, robo kwa robo. Shemeji ameshazitoa kwenye magari mawili. La kwanza zilikatika mbili kati ya nane, la pili tatu. Plagi za kipande kimoja zinauzwa siku hizi, ukishaweka hizo umepona, lakini lazima zile za kwanza zitoke.

Nne ni sauti. Injini ilipopata moto vizuri, ikiwa imetulia kwenye mzunguko wa chini, tulisikia tiki-tiki-tiki nyepesi upande wa dereva. Shemeji aliweka bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha vali, mpini sikioni. Alikaa hivyo kitambo. Injini hii ina gia za kemu shafti zinazojigeuza kwa shinikizo la oili, na oili ikicheleweshwa kubadilishwa ndizo zinazoanza kulalamika.

"Inaweza kuwa hizo gia," alisema. "Inaweza pia kuwa ni nozeli tu, nozeli za hii zina kelele. Siwezi kukuapia."

Nampenda kwa hilo, hajui kudanganya. Akaongeza: "Lakini usiogope, mimi nipo."

Usiku ule nilikaa na daftari langu na lile neno lake. Yeye yupo, ni kweli. Ana karakana ya watu ya kuhudumia na watoto watatu, na Jumapili anashinda kanisani. Kila kasoro niliyoiandika ya Mustang ile, ukiacha boksi la fyuzi, ilikuwa ya mikono yake. Plagi, gia za kemu, klachi, ekseli. Mimi ningekuwa nashika tochi. Na siku ambayo hayupo ningekuwa nalipa mtu kwa saa, dola 6,000 zile nilizobakiza zingekuwa zinaondoka kwa kitu ambacho sikielewi na siwezi kukikagua kikishafungwa.

Nikageuza ukurasa nikaandika kasoro za Corvette nilizokuwa nimezisoma na kuzisikia kwa wenye nazo. Moduli ya breki na uthabiti. Kufuli la usukani. Erthi zilizooza. Mota za taa za mbele. Betri inayovuja asidi. Sensa za tangi la mafuta. Ukiondoa lile bomba la giaboksi, orodha nzima ilikuwa ya waya, rilei na solda. Yaani ilikuwa kazi yangu. Hapo nilinyamaza kimya kabisa mezani, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Injini yenyewe ya C5 ndiyo sehemu isiyosumbua. LS1, lita 5.7, ilianza na Corvette hii hii mwaka 1997. Bloku ya alumini, kemu shafti moja tu katikati, vijiti vinavyosukuma vali, vali mbili kwa silinda. Muundo wa kizamani uliotengenezwa kwa ustadi. Nguvu farasi 345 mpaka modeli ya 2000, kisha 350. Ipo pia Z06 ya 2001 hadi 2004 yenye 385 na baadaye 405, lakini hiyo kwa bajeti yangu ilikuwa ya kuangalia tu. Mwili ni wa plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, hauoti kutu. Sakafu chini ya miguu yako ina mbao nyepesi za balsa zilizobanwa katikati kama mkate, kupunguza mtetemo. Kwa fundi, gari lenye ubunifu wa namna hiyo linaheshimika.

Ya kwanza niliyokwenda kuiona ilikuwa ya 1999 kwenye yadi moja ya magari, dola 12,500, nyekundu, inang'aa kama imetoka kiwandani Bowling Green jana. Nikakaa ndani nikafanya jambo ambalo kila mnunuzi wa C5 anapaswa kulijua kabla hajatoa shilingi. Gari hili linasoma hitilafu zake lenyewe, huhitaji mashine. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, futa ujumbe uliopo kwa RESET, kisha shikilia OPTIONS na ubonyeze FUEL mara nne. Dashibodi inaanza kupita kompyuta moja baada ya nyingine, injini, breki, mwili, milango, na kila hitilafu inaonyeshwa kwa namba yenye herufi mwishoni. H ni iliyowahi kutokea. C ni iliyopo sasa hivi.

Haikuwa na hata moja. Kompyuta zote safi kabisa.

Gari la zaidi ya miaka ishirini huwa na historia. Betri ikishuka tu siku moja, kompyuta zinaandikiana lawama. Usafi ule ulinitia shaka kuliko namba kumi. Nikaomba niliendeshe, nikazunguka dakika ishirini, nikafunga breki kwa nguvu mara mbili mahali penye nafasi, nikarudi nikasoma tena. Kwenye breki palikuwa na namba C1214, na mwishoni mwake herufi C, iliyopo sasa hivi. Hiyo ni rilei ndani ya moduli ya breki isiyopitisha umeme. Kwa magari ya 1997 hadi 2000 moduli hiyo ilishaondolewa sokoni kama spea mpya. Unatafuta mtu wa kuifungua na kuichomelea upya, au unaishi bila ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Ningeweza kuifungua mwenyewe. Muuzaji alisema ni sensa tu, inajitokeza siku za baridi. Alikuwa ameifuta asubuhi ile na alijua. Nilimrudishia ufunguo, nikamshukuru, nikaenda zangu. Mtu akifuta moja mbele yangu, sijui amefuta nini kingine.

Ya pili ilichukua wiki saba kupatikana. Ya 2002, rangi ya fedha, paa la kipande linalotolewa kwa mkono na kulazwa nyuma, gia sita, maili 98,000. Bei 14,200. Mwenye nayo alikuwa mhandisi aliyeimiliki miaka kumi na moja. Nilipomwambia nataka kusoma hitilafu alisogeza kiti chake nyuma ili nipate nafasi, akasema, "Utakuta tano, zote za zamani. Mbili ni siku betri ilipokufa." Zilikuwa tano. Zote H. Akanionyesha risiti ya betri na tarehe zililingana.

Nikainua boneti, inayofunguka kuelekea mbele, nikaangalia chini ya betri. Betri ya C5 imekaa nyuma upande wa abiria, na asidi ikivuja inadondokea kwenye furushi la waya na kompyuta ya injini iliyopo chini yake. Nilipitisha kitambaa cheupe kwa chini. Kilitoka na vumbi tu, hakuna chumvi ya kijani. Nikaitazama puli ya krenki injini ikizunguka. Mpira wake ukichoka puli inayumba kama sahani, na kuibadilisha kunachosha kwa sababu imebanwa nyuma ya mashine ya usukani. Hii ilizunguka sawasawa. Usukani ulifunguka kila mara nilipoingiza ufunguo. Nilirudia mara kumi na mbili, mwenye gari akinihesabia. Kufuli hilo likigoma, kompyuta inakata mafuta gari likianza kutembea, na maelfu ya wenye C5 wameshawekewa kifaa cha kulizima. Yeye alikuwa ameshaweka.

Halafu nikaiendesha, na hapa sitajizuia. Unashuka ndani yake kama unaingia kwenye mtumbwi. Miguu inanyooka mbele, boneti inateremka usioione mwisho wake, na magurudumu mawili ya nyuma yapo karibu na kiuno chako. Ni nyepesi kuliko Mustang kwa zaidi ya kilo 100 na farasi wamezidi 50. Lakini nguvu hazikunishangaza, nilizitarajia. Nilichokuwa sikukitarajia ni kona ile ile ya viraka niliyoipita na Mustang. Niliitafuta makusudi, niliendesha dakika arobaini kwenda kuifikia. Kila gurudumu lilikanyaga kiraka chake likanyamaza. Gari zima lilibaki palepale nilipoliweka. Nikageuza nikapita tena. Mara ya tatu mwenye gari, aliyekaa pembeni, alicheka akasema hata yeye siku ya kwanza alifanya hivyohivyo.

Tulikubaliana 13,600.

Zikabaki dola 2,400, na huo ndio ugumu wa uamuzi wangu, silifichi. Kwa Mustang ningebaki na 6,100. Shemeji alilisema hilo kwa uchungu wa mtu anayekutakia mema. Bima nilikuwa nimeshaulizia kwa namba za chesi za magari yote mawili kabla sijaenda kuona hata moja, na kwangu tofauti ilikuwa ndogo. Ulizia mapema kwa umri wako na anwani yako, usidhani. Na namba hiyo hiyo ya chesi iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, uone kama gari linadaiwa kurudishwa kwa matengenezo ya usalama. Kwa Mustang hili ni la lazima: za 2005 hadi 2014 zimo kwenye lile zoezi kubwa la mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kifaa chake cha kuijaza kikikaa miaka kwenye joto na unyevu kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kubadilishiwa ni bure. Usiliendeshe kabla halijafanyiwa.

Matumizi ya mwaka huu wa kwanza nayajua kwa senti. Tairi nne, dola 940. C5 haina tairi ya akiba. Kiwandani ilitoka na tairi zinazotembea hata zikiisha upepo, na hizo ni ghali na ngumu kama jiwe. Niliweka za kawaida na mashine ndogo ya kujazia upepo kwenye buti. Kumbuka saizi za mbele na nyuma hazifanani, inchi 17 mbele na 18 nyuma, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana ziishe sawa. Betri mpya ya aina isiyovuja, 210. Oili na vichujio, 120. Na taa.

Taa za mbele za C5 zinainuka zenyewe kutoka kwenye boneti. Hii ndiyo Corvette ya mwisho kuwa nazo. Binti yangu wa miaka sita anaziita macho, na kila jioni anataka niyafumbue. Mwezi wa pili jicho la kushoto lilianza kulia grrr likabaki nusu. Ndani ya mota kuna gia ya nailoni inayolika meno. Zinauzwa za shaba, dola 38 jozi. Niliweka zote mbili Jumapili moja, binti ameshika sahani ya boliti, na tangu siku ile yanafumbuka kwa pamoja.

Kilichonipa raha zaidi hakikugharimu kitu. Mwezi wa kumi na moja dashibodi ilianza kuleta ujumbe kwamba mfumo wa uthabiti unahitaji huduma, unakuja, unatoweka. Namba zilizotoka zilikuwa za kompyuta kadhaa kutosikilizana, bila uhusiano wowote. Karakana ingeanza kubadilisha moduli. Mimi niliwasha taa zote na feni, nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaweka waya wake mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye boliti ya erthi iliyofungwa kwenye reli ya fremu kule mbele. Volti 0.6. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Nikaifungua boliti: chini ya kichwa chake palikuwa na unga mweupe, chumvi ya barabara za majira ya baridi ya miaka ishirini. Brashi ya waya, msasa mwembamba, grisi kidogo, nikaikaza. 0.02. Nikafanya hivyo kwa erthi zote nilizoweza kuzifikia, saa tatu za kazi, na ujumbe haujarudi. Nilibaki nimechuchumaa pale na mita mkononi, nimefurahi kama nimelipwa.

Kasoro nyingine nimezizoea au ninavumiliana nazo. Plastiki za ndani ni duni kwa gari la hadhi yake. Paa linalia kidogo kwenye matuta. Kati ya viti panapata joto safari ndefu. Kuingia na kutoka kunataka magoti mazima, na mama mkwe alikataa mara moja. Ukiondoka taratibu, gia inakulazimisha kutoka ya kwanza kwenda ya nne ili kuokoa mafuta. Kuna plagi ndogo yenye rezista inayoidanganya kompyuta, niliitengeneza mwenyewe. Kwa upande mwingine buti lake ni takriban lita 700, karibu mara mbili ya Mustang, tumesafiri siku tano mimi na mke wangu na hatukuacha begi. Na kwenye barabara kuu, gia ya sita, maili 70 kwa saa, injini inazunguka kama 1,500 tu kwa dakika. Inasinzia. Mustang kwa mwendo huo imeshavuka 2,000.

Kama mikono yako imezoea spana kuliko mita, au una watoto wawili na hili ndilo gari lako pekee, chukua Mustang na usisikitike. Tafuta ambayo plagi zimeshabadilishwa na kuna risiti, au ya mwishoni mwa 2008 na 2009 ambazo zilitoka na plagi bora, na oili yake isiwe nyeusi kama lami. Ile ya mwalimu iliuzwa wiki mbili baada yetu. Natumaini aliyeipata anaifurahia, ilikuwa nzuri.

Wiki iliyopita asubuhi, injini ikiwa baridi, nilipoachia klachi nilisikia mkwaruzo mwembamba kutoka katikati ya gari. Nilimwita shemeji. Alilala chini na tochi, akaniambia nikanyage, niachie, nikanyage. Akatoka anajifuta mikono.

"Bering ya bomba," alisema. "Bado ina muda. Lakini itashuka tu."

Tumepanga mwezi wa nne, siku nne mfululizo, yeye na mimi, kwenye karakana ya rafiki yake yenye lifti. Klachi tutaweka mpya humohumo. Nimeanza tena kuweka pembeni fedha ya Jumamosi.